Doli Haitupwi kwa Sababu ya Nywele

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu doli tatu kabla ya saa nne asubuhi. Nalisema hilo mapema ili kijana anayesoma haya asidhani kwamba mikono hii ilizaliwa ikijua. Nilikuwa nimerudi Juba kutoka Uganda na wanangu wawili. Kule Arua nilikuwa nimesuka vichwa vya watu kwa miaka kumi na mmoja, na niliamini kwamba nywele ni nywele. Mwajiri wangu alinipa doli tatu zenye nywele zilizosokotana kama kiota, akanipa jerikeni la maji na sigiri yenye makaa, akaniambia nizinyooshe. Saluni tulizoea kutumbukiza ncha za rasta katika maji ya moto ili zisifumuke, kwa hiyo sikujiuliza mara mbili. Maji yalipochemka, nikazitumbukiza kichwa chini, zote tatu. Nilipozitoa, nywele zilikuwa zimejikunja na kusinyaa kama mfuko wa plastiki uliopitiwa na moto.

Mwajiri huyo tulimwita Madam wa Meza, maana alikuwa na meza tatu mfululizo katika soko la Custom, upande wa mitumba, na wauzaji wa mstari ule walimsikiliza. Alikuwa Mganda wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Nilisimama nikingoja anifukuze. Aliichukua doli moja, akasugua nywele zake kati ya vidole viwili, akaiweka chini.

"Wewe ulisuka watu miaka ngapi?"

"Kumi na mmoja, Madam."

"Basi sahau yote. Hii hapana nywele ya mtu. Hii iko nyuzi ya kiwanda, na kila kiwanda iko na yake. Kesho unakuja tena, Mama Wani, lakini kesho unauliza kwanza."

"Namuuliza nani?"

"Unauliza nywele."

Doli ninazozungumzia ni zile za mitindo: ndefu, zenye kiuno chembamba na nyayo zilizoinuka kwa ajili ya viatu virefu. Hazikuja kwetu zikiwa mpya. Zilikuja ndani ya belo za mitumba kutoka nchi za baridi, zimebanwa kati ya viatu na mablanketi, zikapita Mombasa na Kampala mpaka kwetu. Miili ilifika salama, kwa kuwa raba ngumu haiogopi safari. Nywele ndizo zilizoteseka. Nyingine zilikuwa zimeganda bazoka, nyingine zimepakwa rangi ya kucha, nyingine zimekatwa na mtoto wa huko upande mmoja tu. Wauzaji wengine wa Custom waliziuza kwa fungu pamoja na vijiko vya plastiki, au wakazitupa. Madam wa Meza hakutupa. "Mama ya hapa anapenda mtoto yake kama mama ya Ulaya," aliniambia. "Lakini hawezi kununua mpya. Sisi tunatengeneza ya kale mpaka mtoto hajui."

Kuuliza nywele ni hivi. Unageuza doli, unang'oa nyuzi tatu kisogoni, mahali ambapo pengo halitaonekana. Moja unaitia katika maji ya vuguvugu, ya pili katika maji unayoweza kugusa kwa ncha ya kidole na kukitoa haraka, ya tatu katika maji yaliyotoka kuchemka. Halafu unazitandaza juu ya kitambaa cheupe na kuzitazama. Madam alizigawa nyuzi katika makundi matatu na kuyapa majina yake mwenyewe. Nyuzi ngumu huwa nzito na zinang'aa, na huyastahimili maji ya moto. Nyuzi za sufu ni nyepesi na hazing'ai sana; hizo hutaka maji ya kiasi. Nyuzi za mfuko ni zile za doli rahisi kabisa, na hazitaki moto hata kidogo. Zile tatu za siku ya kwanza zilikuwa za mfuko.

Nilikaa naye miaka sita, na kazi yote ya msingi niliijua pale. Kwanza unafungua kila kitu: mipira, vibanio, misuko. Kisha unaosha kwa maji baridi na sabuni ya vyombo, bila kusugua. Unaminya polepole kuelekea chini. Unapochana, unashika nywele karibu na kichwa kwa mkono wa kushoto, ili kichana kisivute mzizi, na unaanzia nchani. Fundo la nchani likitoka, unapanda juu kidogo. Mtu mwenye hasira asifanye kazi hii, na mimi nilikuwa na hasira nyingi miaka ile, kwa sababu ambazo mtu yeyote aliyerudi kutoka ukimbizini anazijua. Lakini niliamua kwamba hasira yangu haitagusa kichana. Ikinijia, naweka doli chini, naenda kuchota maji, narudi.

Baada ya kuchana, doli ililala mpaka kesho yake katika maji yenye kilainishi cha nguo, kile kinachofanya shuka zinukie. Kama hakipo, tulitumia mabaki ya losheni ya nywele yaliyoganda chini ya chupa za saluni. Tukitia maji na kutikisa, yalitosha vichwa vitano. Mawimbi tuliyatengeneza kwa mirija ya soda. Unakata mrija vipande, unaviringisha fungu la nywele juu yake, unabana kwa mpira, unachovya katika maji ya joto lililostahili nyuzi ile, kisha mara moja katika maji baridi. Maji ya moto huzipa nywele umbo, na ya baridi huliweka umbo lile lisiondoke. Mirija tuliipata kwa mama wa soda wa mstari wa pili. Alituwekea iliyotumika, tukaiosha.

Palikuwa na ugonjwa mmoja tulioogopa, nao uliitwa jasho. Viwanda vingine hutia gundi ndani ya kichwa ili kushikilia nywele. Miaka ikipita na joto la Juba likiingia, gundi hiyo hutoka nje kupitia vitundu vya kichwa, na nywele huwa za kunata. Ukiosha leo, kesho zimenata tena. Madam alinionyesha dawa yake: unga wa muhogo uliochungwa mara mbili. Unaupaka kwa brashi ya meno mpaka kwenye mizizi, unauacha ufyonze, unaosha, unarudia. Doli nyingine ilitaka mara tatu, nyingine mara saba. "Hapana chukia," alisema. "Gundi iko na mwisho. Wewe usiwe na mwisho kabla ya gundi."

Na pale nywele zilipokuwa hazifai tena, tulipanda. Ndilo neno tulilotumia, kupanda, kama mtu apandavyo miche. Unapasha kichwa kwa maji ya moto ili raba ya shingo ilegee, unakitoa taratibu bila kuvunja kifundo cha ndani. Unang'oa nywele za zamani. Kisha unachukua sindano, unavunja tundu lake kwa koleo ili libaki kama uma wenye meno mawili mafupi. Uma huo unashika fungu dogo la nywele katikati na kulisukuma ndani ya kitundu cha kichwa. Ndani unatia gundi kidogo, na kichwa kinarudi shingoni. Doli moja ina vitundu mia kadhaa. Nywele za kupanda hatukununua. Tuliomba mabaki ya rasta katika saluni za mtaa wa Hai Cinema, zile ncha ambazo msusi huzikata na kuziacha sakafuni, tukazichagua safi na zenye urefu sawa. Kwa hiyo doli iliyotoka Ulaya na nywele za rangi ya mahindi iliondoka Custom na nywele nyeusi za Hai Cinema. Watoto hawakulalamika. Wateja wetu wasemao Kiarabu cha Juba waliita doli arusa, yaani bibi harusi, na bibi harusi husukwa upya kila siku.

Madam wa Meza alirudi kwao kumuuguza mama yake, na meza akamwachia mpwa wake ambaye alitaka kuuza viatu. Nikatafuta mahali pengine.

Nilipata kazi katika mtaa wa Hai Amarat, katika duka la zawadi lililokuwa ndani ya ua wa hoteli moja. Mwenye duka alikuwa mtu wa kwetu aliyelelewa Nairobi, na alitaka tumwite Mkurugenzi. Sina ubaya naye. Alikuwa mchapakazi na alilipa mishahara kwa wakati. Alikuwa na wazo zuri, kuzivika doli za mitumba vitenge vilivyoshonwa vizuri na kuwauzia wageni na watu wa maofisini. Tatizo lake lilikuwa haraka. Siku ya pili alisimama nyuma yangu, akanitazama nikichana.

"Mama Wani, hii moja umeshika tangu asubuhi?"

"Ina mafundo, bwana."

"Wacha hayo mafundo. Funika na kilemba, paka mafuta ing'ae. Mteja ananunua na macho."

Mafuta yenyewe yalikuwa ya kupikia, yaliyotiwa manukato. Nilimweleza kwamba nyuzi za kiwanda hazinywi mafuta kama nywele za mtu. Yanakaa juu na kukamata vumbi. Akasema vumbi litakuwa nyumbani kwa mteja. Nilipaka. Nilikuwa na mtoto wa sekondari na mwingine wa msingi, na niliyapaka mafuta yale karibu mwaka mzima. Nataka liandikwe, kwa sababu wazee wakisimulia kazi zao husimulia siku walizokataa tu.

Siku moja akaja dereva wa ofisi moja ya jirani, mtu mrefu mwenye upole, na doli ndani ya mfuko wa karatasi. Alikuwa ameinunua kwetu kumpa binti yake. Alipoitoa, nywele zilikuwa zimegeuka rangi ya udongo na sisimizi walikuwa wakitembea ndani yake.

"Sikuja kugombana," alisema. "Nimekuja kuuliza kama inaoshwa vipi. Mtoto amekataa kuigusa."

Mkurugenzi alimjibu kabla yangu. "Bidhaa ikishatoka kwa huu mlango, si yangu tena, ndugu."

Niliichukua doli mkononi mwa yule baba, nikaenda nayo kwenye bomba nyuma ya jiko la hoteli. Alinifuata. Niliiosha kwa sabuni ya vyombo mara nne mbele yake, nikaichana, nikamwonyesha jinsi ya kuishika. Nikamwambia pia kilichotokea.

"Mafuta nilipaka mimi. Niliambiwa nipake, lakini mkono ulikuwa wangu."

Aliniuliza mtoto aichane mara ngapi kwa wiki. Aliondoka na doli yenye nywele zinazodondosha maji. Mkurugenzi alikuwa akiningoja dukani.

"Mama, hapa si hospitali ya doli."

"Najua, bwana. Ndiyo maana naondoka."

Nilisema hivyo nikiwa sina mahali pa kwenda kesho yake. Lakini niliamua jambo moja, kwamba nitafanya kazi hii kama inavyofanywa au niuze nyanya.

Sikuuza nyanya. Mwanamke mmoja wa Hai Cinema alikuwa na saluni ndogo ambako nilizoea kuomba mabaki ya rasta, na aliposikia sina kazi akanipa kona ya dirishani: meza fupi, benchi na ndoo mbili. Sharti lake lilikuwa kwamba niwe chini yake kama wasusi wengine, nifagie zamu yangu na nisipokee mteja bila yeye kujua. Basi alikuwa bosi wangu, nasi sote tulimwita Mwenye Saluni. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye Kiswahili kilichochanganyika na Kiarabu cha Juba, na alisahau mambo. Alisahau ufunguo ndani ya mlango, alisahau chai motoni. Nilikaa kwake miaka tisa na sikuwahi kumchukia.

Kazi pale ilikuwa tofauti. Custom na Amarat nilitengeneza doli zisizo na mwenyewe. Hai Cinema doli zilikuja mikononi mwa watoto wenye nazo. Mama anasukwa kwa saa tano, na binti yake anakaa mbele yangu akitazama arusa yake ikiogeshwa. Nilijua majina ya doli kuliko majina ya mama zao. Maji yakikosekana, lori la maji likichelewa na Mwenye Saluni akitangaza mlangoni "moya mafi", hakuna maji, nilichana zikiwa kavu na kuacha kuosha mpaka kesho. Sikuwahi kumfukuza mtoto.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika.

Asubuhi moja nilikuwa nimeenda kuchota maji. Niliporudi nilikuta doli mbili mezani pangu. Moja ilikuwa imezungushiwa kitenge cha bluu. Mwenye Saluni alikuwa akimsuka mtu, akanielekezea kwa kidevu.

"Hiyo ya kitenge, mama moja ameleta. Anataka nywele irudi. Atakuja saa sita."

Nilifungua kitenge. Upande wa kushoto nywele zilikuwa zimeungua, labda kwa mshumaa. Zilizobaki zilikuwa zimesokotana sana. Nyuma ya sikio la kulia palikuwa na msuko mmoja mwembamba uliofungwa kwa uzi mwekundu. Nilifanya kama nilivyofunzwa. Nilikata uzi, nikaufumua msuko, nikaosha. Nilipima nyuzi, nikaona ni ngumu. Ilipofika saa sita nilikuwa nimekwisha kuchana upande wa kulia wote, ukalala laini, nami nimeridhika.

Mwanamke aliyeingia alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, amejifunga leso, ana harufu ya karanga zilizokaangwa. Aliitazama doli. Tulizungumza Kibari, lugha ya kwetu, mimi naandika kwa Kiswahili.

"Ule msuko uko wapi?"

"Niliufungua ili nioshe."

Aliketi kwenye benchi la wateja. Aliichukua doli, akapitisha kidole nyuma ya sikio la kulia, taratibu, kana kwamba msuko ungeweza kuwa umejificha chini ya nywele nyingine. Nikajua kwamba nimefanya jambo ambalo maji baridi na kichana haviwezi kulirudisha.

Alikuwa anaitwa Mama Poni. Poni alikuwa binti yake mkubwa. Wakiwa bado Uganda, Poni aliusuka ule msuko, na wiki ile ile akashikwa na malaria. Alikuwa na miaka minane. Mama yake aliihifadhi doli ndani ya sanduku kwa miaka sita. Mshumaa ulianguka ndani ya sanduku siku moja likiwa wazi, na ndivyo upande mmoja ulivyoungua. Sasa alikuwa na binti mwingine, Keji, aliyezaliwa baada ya Poni kuzikwa, naye alikuwa amefikia umri wa kupewa doli. Mama alitaka nywele zitengenezwe, ila msuko ule usiguswe.

"Nilisema asubuhi," alisema. Sauti yake haikupanda.

Mkono wa Mwenye Saluni ulikuwa umesimama juu ya kichwa cha mteja wake.

"Alisema," Mwenye Saluni akasema. "Aliniambia mimi. Mimi nilisahau."

Ningeweza kuuacha mzigo ubaki pale. Nilimwambia Mama Poni, "Yeye alisahau kunieleza, lakini mimi sikuuliza. Niliona uzi mwekundu, nikaona mtu aliufunga, na sikuuliza nani."

Aliifunga doli katika kitenge, nywele zikiwa bado zimelowa na upande mmoja ukiwa umeungua vilevile, akaondoka. Mwenye Saluni alitoka mlangoni kumwita. Hakugeuka.

Siku mbili sikufanya kazi vizuri. Mwenye Saluni aliniambia niache, yamepita, kalas. Lakini kila niliposhika kichana vidole vyangu vilirudi kwenye msuko ule, na hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa naukumbuka. Mtu anayesuka na kufumua kwa miaka zaidi ya ishirini hafumui kwa macho. Vidole husoma vyenyewe. Nilikuwa nimeufumua msuko ule kutoka chini hadi juu, na nilijua kila hatua aliyopita yule mtoto.

Nilianza kumtafuta. Nilichokuwa nacho ni harufu ya karanga, basi nilienda Custom na kuupita mstari wa wanaouza siagi ya karanga, mama mmoja baada ya mwingine. Siku ya kwanza sikumpata. Siku ya pili waliniambia wengine huuza upande wa kituo cha basi dogo. Siku ya nne nilimwona, amekaa nyuma ya beseni, akijaza makopo kwa kijiko. Aliponitambua aliendelea kujaza.

"Sikuja kukuomba msamaha tena," nilisema. "Nimekuja kukuambia jinsi ule msuko ulivyosukwa."

Kijiko kilisimama.

Nilichuchumaa. Nilimwambia ulikuwa msuko wa mafungu manne, si matatu, jambo ambalo mtoto wa miaka minane haliwezi kirahisi. Alianzia kushoto. Juu aliukaza sana, kama mtu anayeogopa utafumuka, na kuelekea chini mkono ukazoea, akalegeza. Katikati alikosea: alipitisha fungu la tatu juu badala ya chini. Hakufumua. Alisuka hatua mbili zaidi, akaliona kosa, akalirudisha fungu mahali pake kwa kulizungusha mara moja, kisha akaendelea sawasawa mpaka mwisho.

Mama Poni alikuwa ananitazama.

"Alikosea?"

"Mara moja. Na akajirekebisha mwenyewe."

Mteja alikuja akauliza bei, akaondoka bila kujibiwa.

"Mafungu manne nilimfundisha mimi," alisema hatimaye. "Juu ya kichwa changu. Aliniumiza shingo." Akafuta mikono kwa leso. "Miaka sita nimeutazama ule msuko. Sikujua kwamba alikosea."

Alileta doli siku iliyofuata. Niling'oa nywele zilizoungua, nikapanda mpya upande wa kushoto. Nilichagua rasta kwa siku mbili mpaka nikapata rangi iliyokaribia ile ya asili, na Mwenye Saluni, bila kuombwa, alifungua pakiti mpya aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya biashara yake. Msuko sikuugusa. Mama Poni aliketi kwenye benchi langu, Keji akiwa kando yake, na kuusuka mwenyewe nyuma ya sikio la kulia, mimi nikimwambia: kaza hapa, sasa legeza, sasa la tatu lipite juu. Alipofika kwenye kosa, ilimbidi afumue na kurudia. Mara ya tatu ukakaa. Alifunga kwa uzi mwekundu aliokuja nao.

Tangu siku ile niliongeza hatua moja kabla ya zote nilizofundishwa. Kabla ya kufungua chochote, namuuliza aliyeileta: nani alizifunga nywele hizi? Mara nyingi jibu ni kwamba hajui, au ni mtoto tu. Mara chache si hivyo. Nimewafundisha wasusi wawili wa Hai Cinema kazi hii, na hatua hiyo niliwakumbusha mpaka wakachoka nami.

Nilistaafu mwaka uliopita. Kitundu cha kichwa cha doli ni kidogo, na macho yangu yalianza kuona viwili mahali penye kimoja. Vidole navyo vikawa vizito asubuhi. Sikungoja kuharibu kazi. Nilimkabidhi mmoja wa wale wasusi sindano zangu za uma, koleo, na mirija. Mwenye Saluni alinipikia asida, ugali wa kwetu, na samaki, akasahau chumvi, tukala hivyo hivyo.

Watu huniuliza kama si aibu kuumaliza umri juu ya vitu vya kuchezea, katika mji ambao una mahitaji makubwa kuliko hayo. Nimelifikiria swali hilo kwa uaminifu. Wanangu walisoma kwa kazi hii. Lakini hata bila hilo, ningeifanya tena. Mji unaojengwa upya una watu wa saruji na watu wa barabara, na pia unahitaji mtu wa kukaa dirishani na kumwambia mtoto kwamba kitu chake kinaweza kutengenezeka, kisha akae hapo mpaka kitengenezeke kweli. Hiyo ni kazi kama kazi nyingine. Ina kanuni zake na makosa yake, na anayetaka kuifanya aifanye kwa ukamilifu.

Mwezi uliopita Mama Poni alinikuta nikinunua mkaa karibu na nyumbani kwangu. Tulisalimiana, tukaulizana watoto. Nilimuuliza kuhusu doli.

"Keji aliufumua msuko siku ile ile," alisema. "Tulikuwa hatujafika hata nyumbani. Tulikuwa juu ya boda, mimi nimemshika, na nilipotazama chini uzi ulikuwa umeshaanguka njiani."

Nilimuuliza yeye alifanya nini.

"Nilinyamaza mpaka tukashuka," alisema. "Halafu nikampa kichana."